Malazi ya Msafiri: Mgeni wa Kulipa na Mgeni wa Mungu Huko Ikwiriri

Ndugu msomaji, hakuna binadamu asiyeonja ugeni. Hata yule ambaye hakutoka katika mtaa wake kwa miaka mingi, itafika siku atasikia msiba katika mji wa mbali, au mwanawe ataolewa huko, au mzazi wake atalazwa katika hospitali asiyoijua, naye itambidi afunge mzigo na kupanda gari. Magharibi itamkuta njiani, amechoka, ana vumbi, na mtoto amemlalia begani. Na hapo atatazama milango ya watu na kujiuliza ni upi utakaofunguliwa. Katika hadithi iliyo mashuhuri Mtume wetu (s.a.w.) ameifananisha safari na adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu raha ya kula, ya kunywa na ya kulala, na mwenye kumaliza haja yake akahimizwa arejee upesi kwa ahali zake. Basi mtu ampaye msafiri mahali pema pa kulala amemwondolea fungu la adhabu hiyo, na hilo si jambo dogo.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya malazi ya msafiri, yaani nyumba ile ambayo mtu hupewa kitanda usiku na chai asubuhi, akatoa fedha yake, akaondoka. Wako wenzetu waonao kwamba kumtoza mgeni ni aibu kwa Muislamu. Wako na wengine waonao kwamba nyumba za wageni ni matundu ya maovu, na kwamba mtu wa dini hafai kuwa na biashara hiyo wala kuonekana mlangoni pake. Sisi twaona kauli zote mbili zina upungufu, na hiyo ya pili ina madhara ambayo wenye kuisema hawajayapima. Na ili maneno yetu yasielee hewani, tutayaweka juu ya mji mmoja, nao ni Ikwiriri katika Rufiji, ambako tulipata kulala katika nyumba ya namna hiyo.

MJI ULIOZOEA WASAFIRI

Ikwiriri umo katika Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, kiasi cha kilomita 170 kusini ya Dar es Salaam, juu ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Atokaye Dar es Salaam hupita Mkuranga, kisha Kibiti, kisha hufika Ikwiriri. Na akiendelea kidogo huukuta Mto Rufiji, ambao ukikaribia Bahari ya Hindi hugawanyika matawi mengi yaliyozungukwa na mikoko. Katika Tanzania nzima hakuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko huo.

Wenyeji wa nchi hii wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi. Tangu zamani wamelima mpunga katika bonde ambalo mto hulifunika kwa maji na kuliachia udongo wenye rutuba. Mkulima aliyetaka kuulinda mpunga wake na ndege na nguruwe alijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akalala humo. Mwaka 1968 mto ulifurika kupita kiasi, na baada yake Serikali ikawahamisha watu wengi kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vya nchi ya juu, katika kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji. Ikwiriri ni mahali pamoja katika hapo walipohamia. Kwa hiyo wengi wa watu wa mji huu ni watoto na wajukuu wa watu waliofika hapo na mizigo kichwani, wakaanza maisha upya. Si ajabu basi wakaujua uzito wa neno mgeni.

Jambo jingine lililowafundisha ugeni ni huo mto wenyewe. Kabla ya mwaka 2003 hapakuwa na daraja. Magari yote ya kusini yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika mto ulipojaa na barabara kugeuka tope, wasafiri walikaa kungoja, mara siku moja, mara siku nyingi. Mwaka 2003 likafunguliwa daraja ambalo urefu wake unakaribia kilomita moja, likaitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa. Hata hivyo kipande cha njia kutoka Ndundu mpaka Somanga kilibaki cha udongo kwa miaka mingi baadaye, kikiwatesa watu kila masika. Leo lami imefika, na basi litokalo Dar es Salaam alfajiri hufika Mtwara siku hiyo hiyo.

Mtu atauliza: ikiwa basi halilali tena Ikwiriri, ni nani analala? Analala mfanyabiashara wa mpunga na wa samaki, na mnunuzi wa korosho. Analala mwalimu aliyehamishiwa huko na bado hajapata nyumba. Analala aliyekuja kuzika akachelewa gari la mwisho, na mama aliyemleta mgonjwa, na aendaye Utete, makao makuu ya wilaya, kwa haja ya serikali. Hawa si watalii wenye fedha nyingi, ambao hupita Kibiti kwenda Mloka na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019. Ni watu kama wewe na sisi, na haja yao ni ndogo: mahali safi, salama, pasipo fedheha.

USIKU WETU IKWIRIRI

Tulifika alasiri, nasi tulikuwa na mama mmoja mtu mzima pamoja na binti wa miaka kumi na miwili. Karibu na kituo cha magari tukamwuliza muuza mikeka ni wapi tutapata pa kulala. Akatutazama, akamtazama na binti, kisha akasema: “Jamaa zangu, vyumba hapa barabarani viko tele. Lakini nyinyi mna mama na mtoto. Nendeni kule nyuma kwa bibi, mtalala usingizi.” Maneno hayo tuliyapima baadaye, nasi tutayarejea, kwa maana ndani yake mna khabari yote ya makala hii.

Nyumba tuliyoelekezwa haina bango. Ni nyumba ya matofali ya saruji na mabati, yenye uwanja uliofagiwa chini ya miembe na minazi. Mwenyewe ni mama mtu mzima, mjane, akaaye na mkwewe na wajukuu. Aliitikia salamu zetu, akatukalisha barazani, akatuletea maji ya kunywa; kisha akaleta daftari kubwa na kalamu. Majina yetu, tutokako, tuendako, na vitambulisho vyetu. Alipotuona tumenyamaza akacheka. “Msinione vibaya, wanangu,” akasema. “Maji ni ya ukarimu, na daftari ni ya usalama. Vyote viwili natoa kwa mkono mmoja.” Akatutajia na bei ya chumba, na akatuambia kuwa chai ya asubuhi imo ndani ya bei hiyo, kabla hatujaingiza mizigo.

Vyumba vyake vya wageni ni vitatu. Hatukukuta humo kitu cha anasa. Palikuwa na kitanda cha mbao chenye shuka zilizonuka sabuni, chandarua kisicho tundu, ndoo ya maji na kopo lake, na mkeka wa ukindu uliokunjwa juu ya kiti kwa ajili ya sala. Ukutani palichorwa kwa chaki mshale mdogo wa kuonyesha kibla. Jambo hili tulilipenda sana, kwani ni mara ngapi msafiri amesimama katikati ya chumba kigeni, asijue ageukie wapi! Na kibla cha Ikwiriri ni chepesi kukikumbuka: Makka iko karibu kaskazini kabisa ya mji huo. Anayelielekea jua likichomoza, na ageuke kushoto robo ya duara, ameelekea.

Usiku tulikula wali wa mpunga wa bondeni na perege wa nazi, chakula ambacho tulikiagiza na kukilipia mbali. Alfajiri tuliamshwa na adhana, na baada ya sala ikaja chai ya tangawizi, vitumbua, mihogo ya kuchemsha na maembe yaliyookotwa uwanjani asubuhi ile ile. Mama tuliyekuwa naye, ambaye katika safari huwa hali kitu kwa khofu ya tumbo, alikula vitumbua vitatu na kuomba cha nne.

Wakati wa kuaga ndipo tulipouona mlango wa chumba kingine, uani, karibu na jiko. Tukadhani ni ghala. Bibi akasema: “Hicho hakina bei. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwalaza watu wa pantoni. Baraza ikijaa huwaingiza ndani, sisi tukalala jikoni. Daraja lilipokuja watu wakaniambia, sasa mtapumzika. Lakini wanangu, mwenye kukwama hakosekani.” Chumba hicho, akatueleza, ni cha yule asiye na fedha: aliyeibiwa garini, au aliyefukuzwa kazi anarudi kwao, au mwanafunzi wa chuo cha Qurani apitaye kwa miguu. Fedha ya vyumba vitatu ndiyo inunuayo sabuni na mafuta ya chumba cha nne.

DINI YASEMAJE?

Tukarudi njiani tukiyafikiri mambo ya bibi yule, nasi tukaona kwamba bila ya kusoma vitabu vingi ameikusanya sheria nzima ya jambo hili nyumbani mwake.

Ukarimu kwa mgeni ni desturi ya Mitume. Qurani Tukufu katika sura ya Adh-Dhariyat imetusimulia khabari ya Nabii Ibrahim (a.s.), alivyoingiliwa na wageni asiowajua, akaondoka polepole kwenda kwa ahali zake, akarudi na ndama aliyenona, akawasogezea karibu. Wanazuoni wetu wametoa adabu nyingi katika kisa hicho kifupi: hakuwauliza kama wana njaa, hakuwakawiza, hakuwapa kilicho duni, wala hakuwaita wakifuate chakula mbali, bali alikileta mpaka walipo.

Na Mtume wetu (s.a.w.) ameifanya heshima ya mgeni kuwa ni alama ya kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Katika hadithi ya Abu Shuraih, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ugeni umewekewa mpaka wa siku tatu. Kizidicho hapo ni sadaka ya mwenyeji, wala si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake dhiki. Wazee wetu wa pwani waliiweka maana iyo hiyo katika methali yao, waliposema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi ona ndugu msomaji, dini haikumtazama mwenyeji tu. Imemtazama na mgeni, ikamkataza asiwe mzigo.

Hapa ndipo malipo yanapopata nafasi yake. Msafiri mwenye uwezo, anayekaa wiki nzima kununua mpunga, hana haki ya kula chakula cha mjane kwa jina la ugeni. Akilipa, amejihifadhi uso wake, na mwenyeji amepata riziki ya halali. Kukodisha chumba ni ijara, nayo ni mlango uliofunguliwa na sheria, maadamu kitu kinajulikana, muda unajulikana na ujira unajulikana. Tena katika sura ya An-Nur, baada ya waumini kuamrishwa wasiingie nyumba za watu bila ya idhini na salamu, imekuja ruhusa ya kuingia nyumba zisizokaliwa zenye manufaa kwao. Na wengi katika wafasiri wamesema kuwa katika hizo zimo nyumba za njiani walizojengewa wasafiri. Kwa hiyo nyumba ya wageni si kitu kigeni katika Uislamu.

Lakini pamoja na hayo yuko yule asiye na kitu. Huyo sheria imemwita ibn sabil, mtoto wa njia, na ikamtia katika watu wanane wanaostahiki zaka, hata kama kwao ni tajiri, maadamu njiani amekatikiwa. Hakuna chumba cha malipo kinachoweza kumfuta mtu huyu katika Qurani. Ndiyo maana tumesema bibi wa Ikwiriri ameikusanya sheria: vyumba vitatu vya ijara, na kimoja cha ibn sabil.

WALIOTUTANGULIA

Historia ya Waislamu inatushuhudia. Katika miji yao ya pwani ya Bahari ya Kati, toka Maghribi mpaka Misri na Sham, palikuwa na nyumba iitwayo funduq, ambamo mfanyabiashara aliweka mali yake chini na kulala juu kwa malipo. Nyumba hizo ziliwafaa watu hata Wataliani wakalichukua jina lake, wakasema fondaco. Na katika nchi ya Waturuki wa Seljuk zilijengwa khan kubwa juu ya njia za misafara, nyingi zikiendeshwa kwa mali ya wakfu, na msafiri aliyeingia humo alihifadhiwa kwa siku tatu bila ya kutozwa. Siku tatu! Ona jinsi mpaka ule wa hadithi ulivyogeuka kuwa kuta na malango ya mawe.

Ibn Battuta, aliyetoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, aliizunguka dunia kwa sababu ya nyumba za namna hiyo. Mwaka 1331 alifika katika pwani yetu. Huko Mogadishu alipewa malazi katika nyumba ya wanafunzi wa elimu, akaletewa chakula mara tatu kila siku kwa muda wa siku tatu: wali wa samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Kisha akapita Mombasa na kufika Kilwa. Na huwezi kwenda Kilwa kwa jahazi kutoka Mombasa bila ya kuipita pwani hii ya Rufiji. Sultani wa Kilwa siku hizo, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Huo ndio urithi wetu. Si haki kuuacha ukae katika vitabu tu.

Na hata mataifa mengine siku hizi yameirudia njia hii. Utaliani, mwaka 1985, ilitoa sheria ya kuweka taratibu kwa wakulima wanaopokea wageni kwa malipo katika nyumba zao za mashambani, ili kilimo kiwapatie riziki ya ziada wasiihame nchi yao. Leo watu hutoka mbali kwenda kulala katika shamba la mizeituni na kula jibini ya mwenye nyumba asubuhi. Mkulima wa Rufiji, mwenye mpunga, minazi, miembe na samaki wa mto, amepungukiwa na nini?

DOA LILILOINGIA

Twarudi sasa kwenye maneno ya muuza mikeka: kwamba vyumba viko tele, lakini wenye mama na mtoto waende kwingine. Maneno haya yangaliweza kusemwa katika kila mji wa njiani, toka Chalinze mpaka Masasi, toka Mombasa mpaka Kampala. Kwa nini neno gesti likitajwa mbele ya wazee watu huinamisha macho? Ni kwa sababu baadhi ya nyumba hizo hukodisha vyumba kwa saa. Hawaulizi jina wala hawatazami umri, na ulevi hupiga kelele mpaka usiku wa manane. Palipokuwa pa kupumzisha msafiri pamekuwa pa kuficha aibu.

Wengi wetu tukiyaona hayo tumejitenga, tukasema: hiyo si biashara ya mtu wa dini. Lakini tufikiri matokeo yake. Watu wema wakijitenga, biashara haifi, kwani wasafiri hawaachi kupita. Itabaki mikononi mwa wasiojali. Na usiku ukiingia, watakaolala humo ni nani? Ni mama zetu wanaouguza, na binti zetu wanaokwenda chuoni, na mke wa mtu aliyeharibikiwa gari. Sisi tumeinusuru heshima yetu kwa kukaa mbali, na heshima yao tumeiacha mlangoni. Je, hiyo ndiyo taqwa? Sisi twaona taqwa ni kufungua nyumba iliyo safi, ili msafiri asiwe na udhuru wala dhiki.

KHOFU NA TAHADHARI

Kuna neno jingine ambalo watu wa Rufiji na Kibiti wana haki ya kutuambia. Katika miaka ya 2016 na 2017 nchi yao ilipatwa na msiba mkubwa. Watu wasiojulikana waliwaua viongozi wa vijiji na askari; na mwezi wa Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa siku moja huko Kibiti. Pikipiki zikakatazwa kutembea usiku, na magharibi ikiingia kila mtu alifunga mlango wake. Katika hali hiyo nani atamfungulia asiyemjua? Bibi tuliyemtaja alituambia kuwa chumba chake cha nne kilifungwa muda mrefu. “Si kwa choyo,” akasema, “ni kwa khofu. Mgeni alikuwa akituogopa, nasi tukimwogopa.”

Hatuwezi kumlaumu yeyote kwa khofu hiyo. Msiba wa namna hii haui watu tu. Huua na imani baina ya watu, na hiyo huchelewa kufufuka kuliko majani baada ya moto. Ila twasema kwamba dawa yake si kufunga milango daima. Dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Daftari la wageni, kitambulisho, taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji: hayo ndiyo kumfunga ngamia, wala hayapunguzi ukarimu.

Na mlango wa bibi ulifunguka tena. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliwatoa watu wengi wa bonde la Rufiji katika nyumba na mashamba yao. Na mapema mwezi wa Mei, kimbunga kilichoitwa Hidaya na mvua zake zikaikata barabara kuu upande wa Somanga, magari ya kusini na ya Dar es Salaam yakakaa njiani kwa siku kadhaa. Zikarudi siku za pantoni. Chumba cha nne kikalaza mama na mtoto mchanga, na baraza ikawalaza wanaume. Daftari lilikuwapo, na kila mmoja aliandikwa.

MASHAURI YETU

Kwa wenye nyumba, twasema haya. Nyumba yako ikiwa na chumba kisichotumika, na mji wako uko njiani, nia njema yaweza kukifanya kuwa riziki na ibada kwa pamoja. Fuata sheria ya nchi, upate leseni na ulipe kinachopasa. Taja bei kabla ya mzigo kuingia, wala usiipandishe kwa sababu umemwona mtu ana dhiki na mvua inanyesha. Weka maji ya kutosha, kwani mgeni wa Kiislamu hawezi kukaa bila ya maji. Onyesha kibla. Usikodishe kwa saa, wala usimpe kijana na binti chumba kimoja bila ya kujua uhusiano wao. Lakini ukishampa mtu ufunguo, jiepushe na kupeleleza, kwa kuwa upelelezi nao umekatazwa. Mali anayoiacha chumbani ni amana shingoni mwako. Na katika fedha upatayo, toa fungu kwa ajili ya ibn sabil. Asiye na chumba cha nne anao mkeka, na asiye na mkeka ana sahani ya wali.

Kwa misikiti na jumuiya zetu, twasema: mahali ambapo hakuna nyumba kama hiyo, chumba kimoja cha wakfu kando ya msikiti, chenye mlango wake na mtu wa kukiangalia, ni sadaka yenye kuendelea. Si lazima kiwe jengo la kifahari.

Na kwako, ewe msafiri. Usiende kwa ndugu wa mbali ukakaa wiki tatu huku unazo fedha za kulipia chumba. Usiichafue nyumba kwa kuwa umelipa, wala usiondoke na taulo. Kumbuka ruhusa uliyopewa na Mola wako: safari ikifikia kiasi cha kilomita themanini na zaidi, na ikiwa hukunuia kukaa siku nne kamili mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, kwa madhehebu ya Shafi unaweza kuzipunguza na kuzikusanya sala zako. Mwombee mwenye nyumba. Na ukiona mahali pema, waelekeze wenzako, kama alivyotuelekeza yule muuza mikeka. Kwani mwenye kuelekeza kheri ana fungu katika malipo ya mwenye kuitenda.

Hapana shaka kwamba sote ni wapita njia katika dunia hii, na nyumba tunazoziita zetu tumekodishwa kwa muda tusioujua. Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu kuwa za amani kwa wakaao na kwa wapitao, awape salama watu wa Rufiji na Kibiti baada ya dhiki waliyoiona, na atupokee sote kwa wema siku tutakapomfikia, tukiwa wageni tusio na kitu mkononi. Amin.